Barafu yenye inazama

Siku ya posho, jumamosi kama bengine banasema, nilizungumuza juu ya barafu mu sale ya paruasi kule Katuba, mu Lubumbashi. Nilikuwa nimetayarisha picha makumi tatu, kuranti ikakatika kisha dakika kumi, projekta ikakufa na picha yangu yote ikabakia mu ordinateri. Labda njo ilikuwa bahati, juu pale giza iliingia bantu balianza kuniuliza maulizo. Naandika hapa vile nilisema, pamoja na pale balinikatiza.

Ba papa, ba mama, na banyi banafunzi munasimama kule ku mulango, jambo yenu. Musihangaike na kuranti. Maneno ya leo haina lazima ya projekta, iko na lazima ya hii ndoo na hii sashe ya maji yenye kuganda, nimeipata kwa mama mwenye kuuzisha pale inje. Natupa. Inafanya nini? Batoto banasema inaelea. Vizuri. Na hakuna hata mumoja anashangaa, juu tangu tunazaliwa tunaonaka barafu inaelea.

Lakini mama mwenye kutumika na mafuta ya mawese anajua kintu ingine. Mwezi wa sita baridi ikipika, mafuta mu chupa inagawanyika, ile yenye kuganda inakaa chini na ile ya maji-maji inabakia juu. Mukuba pia, kama unayeyusha na unatupa kipande yenye haiyayeyuka bado, inazama. Karibu bintu yote iko vile, ikiganda inajibana, inakuwa nzito. Maji inakataa. Maji ikiganda inapanuka, ya sentimita kubu moja inabakia na uzito ya gramu 0.917 tu, njo maana inaelea, na njo maana mwaka ilipita nilisahau chupa ya bia mu konjelateri ya shemeji yangu, saa saba ya usiku tukasikia pa!, muke wa shemeji akafikiri ni bezi. Hatukunywa ile bia, na konjelateri nilipangusa mi mwenyewe.

Juu ya nini inapanuka? Molekili ya maji ni oksijeni moja na hidrojeni mbili, ile kila mwanafunzi anajua. Muichukue kama muntu mwenye mikono ine. Mikono mbili njo hidrojeni, anapatia nayo bajirani babili. Mikono mbili ingine ni ya kupokea, bajirani babili bengine banamushika kule. Basi kila muntu iko na bajirani bane, na mikono haielekei fasi yoyote, inaachana sawasawa kila upande, angle ya digri karibu 109. Mukipanga bantu elfu na elfu namna hii, kila muntu anyooshe mikono mpaka ku mwisho, munapata nyumba yenye nafasi mingi ya bule katikati. Oksijeni na oksijeni zinaachana nanometa 0.276, na mu kati kuna vyumba vya bule vya pembe sita. Ukiyeyusha, mikono ingine inalegea, bantu banaangukia mu ile vyumba, njo maana maji inakuwa nzito kupita barafu.

Sasa ulizo yenye ilinifanya nisome hii maneno miaka mingi. Kama mu nyumba kuna vyumba vya bule, na mi niko na nguvu, nikisukuma sana nyumba itafanya nini?

Muntu wa kwanza kusukuma kwa kweli alikuwa Gustav Tammann, mu mwaka 1900. Akasukuma barafu ya baridi, akaona mara moja inakata, inajibana gafula, inakuwa barafu ingine. Akapata mbili, leo tunaziitaka barafu ya II na barafu ya III, hii yetu ya ndoo njo ya I. Kisha akakuya Percy Bridgman, wa iniversite ya Harvard kule Marekani. Shida ya bantu bote benye kusukuma ilikuwa kuvuja, unasukuma, maji inakimbia pembeni ya pistoni. Bridgman akatengeneza kizibo yenye inajikaza yenyewe, ukisukuma sana nayo inakaza sana. Mi naona ile kizibo ni akili kubwa kupita hata barafu zenyewe. Mu 1912 akatangaza barafu ya V na ya VI, mu 1937 ya VII, na mu 1946 bakamupa Nobel ya fizike. Leo tunajua aina karibu makumi mbili ya barafu ya kristali, maana yenye molekili imepangwa mu mustari, yote ni ile molekili moja, oksijeni na hidrojeni mbili, hakuna chumvi hakuna dawa.

Mutaniuliza ni presio, ile nguvu ya kusukuma, ya namna gani. Gigapaskali moja ni sawa na kutia tani 10 juu ya sentimita kare moja. Muangalie lukucha ya kidole yenu ya gumba, iko karibu sentimita kare moja. Mutie pale kamio ya tani 10. Ile njo gigapaskali moja, na pale njo maji ya hii ndoo, bila frigo, mu joto ya hii sale, inaganda yenyewe na inakuwa barafu ya VI. Mutie kamio ya pili juu ya ile ya kwanza, na mizigo kidogo tena, inakuwa ya VII.

Hapa papa moja wa mbele akanikatiza, akasema profesa, unasema barafu ya joto? Nikamwambia papa, hata ya moto. Ku presio ya gigapaskali 2.2 barafu inakubali kubakia barafu mpaka digri karibu 82. Ungeweza kuigusa, ingekuunguza. Akacheka, akasema kwetu ile tunaitaka chai.

Ndani ya VII kumefanyika kintu kizuri sana. Mikono bado ni ine, hakuna muntu aliongeza mukono wa tano. Basi bameingia wapi bale bengine? Muchukue nyavu mbili za kuvua samaki, muingize moja mu matundu ya ingine, bila kufunga hata kamba moja ya hii ku kamba ya ile. Njo vile. Nyumba mbili mu kiwanja moja, moja imeingia mu vyumba vya ingine, na benye nyumba habashikani mikono na bajirani ba nyumba ya pili, banabanana tu mabega. Ku gigapaskali 2.5 sentimita kubu ya VII iko na uzito ya gramu karibu 1.65. Ile ukitupa mu ndoo (kama ingekubali kuishi inje ya presio, lakini ku joto hii haikubali) inazama kama jiwe.

Na hapa njo iko maneno yenye inashangaza, hata banafunzi bangu ba mwaka wa tatu banakosaka ku ekzame. Munafikiri mukibana bantu, mukono kati ya oksijeni na oksijeni inakuwa mufupi. Hapana! Kwanza inakuwa murefu kidogo, juu bale bageni ba nyumba ya pili banasukumana na benye nyumba. Nafasi inapatikana ku mikono yenye inapindika na ku vyumba vyenye vinajaa, haiko ku mikono kufupika. Ukizidisha presio tena, kamio juu ya kamio, pale sasa njo mikono inafupika.

Namna gani banajua hii yote? Hakuna jicho ya kuona molekili. Banasikiliza.

Molekili inaimba. Mukono wa hidrojeni ni kama rasoro, inavutika inarudi. Mu mvuke, pale molekili iko peke yake bila jirani, ile wimbo yao bote bawili pamoja ni mawimbi 3657 mu sentimita moja, njo namna banakemia banahesabia. Lakini jirani akishika hidrojeni kwa upande wa pili, anaivuta kwake, rasoro ya kwanza inalegea, na kamba ya gitare yenye kulegea inaimba namna gani? Chini, njo ile. Maji ya ndoo inaimba karibu 3400, wimbo mupana kama kelele ya soko. Barafu ya kawaida, baridi sana, inashuka mpaka karibu 3100. Basi ukisikia wimbo unashuka, unajua jirani anavuta sana. Unasikia unapanda, unajua jirani ameachilia kidogo. Unapima urefu wa mukono kwa sikio.

Kuna njia mbili za kusikiliza. Moja ni kupitisha mwangaza ya infraruje, yenye macho haionake. Ingine ni ya muhindi C. V. Raman, ya 1928: unatupa mwangaza ya rangi moja, leo ni lazeri, na sehemu ndogo sana ya mwangaza inarudi na rangi yenye kubadilika kidogo, ile kubadilika njo wimbo. Raman alipata Nobel mu 1930.

Mukuje tena ku mambo ya korali, juu hapa ni paruasi na najua ba soprano biko hapa. Kama bantu makumi tano banaimba noti moja, unaweza kusikia sauti ya mama fulani peke yake? Hauwezi. Molekili iko vile, bote banaimba noti moja na banaingiziana, wimbo unakuwa kilima moja kubwa. Basi banasayansi banafanya ujanja: banatia tone ya maji mazito, yenye deterio mu nafasi ya hidrojeni. Deterio ni mapacha ya hidrojeni lakini mara mbili ya uzito, basi inaimba chini, karibu 2400. Ni kama kutia bas mumoja katikati ya ba soprano, unamusikia yeye tu, haingiziani na jirani. Mu 1964, kule Ottawa mu Kanada, John Bertie na Edward Whalley balitangaza wimbo ya infraruje ya barafu ya II, III na V. Bakazitengeneza mu presio, bakazigandisha na azoti ya maji, digri 196 chini ya ziro, kisha bakatosha presio na barafu ikasahau kurudi! Ku baridi ile molekili haina nguvu ya kugeuka, inabakia vile uliiacha. Na ya II ikaonyesha wimbo myembamba, kila noti pa fasi yake, maana hidrojeni ya II iko mu mustari, kila moja inajua inaelekea wapi. Mu barafu ya kawaida hidrojeni ziko mu fujo, ingine huku ingine kule, masharti ni mbili tu, kila oksijeni ikaye na hidrojeni yake mbili, na kati ya oksijeni mbili ikaye hidrojeni moja, wala mbili wala ziro. Ile masharti Bernal na Fowler balitoa mu 1933, na Linus Pauling mu 1935 akahesabu fujo ni ya kiasi gani.

Hapa kamwanafunzi kamoja ka nyuma kakauliza, kama fujo inaweza kuwa mu hidrojeni, na oksijeni nayo haiwezi kuwa mu fujo? Kidogo nimukumbatie. Ile njo nilikuwa naelekea.

Asubuhi ku masomo munasimamaka mu mustari mbele ya bendera. Ile njo kristali. Saa kumi na mbili ya mangaribi pa areti ya taksi-bisi bantu biko namna yoyote. Sasa mufikiri ile bantu ba pa areti banaganda gafula, kila muntu pale pale mukono hewani. Ile njo banaita amorfi, kintu kigumu bila mustari, kama kioo ya dirisha. Maji pia inaweza kuwa kioo.

Ya kwanza ilifanyika na nini? Na mukuba, bandugu. Mu 1935 Burton na Oliver, kule Toronto, balichukua mukuba, bakaibaridisha chini ya digri 110 chini ya ziro, bakaacha mvuke ya maji ikuye ku mukuba polepole. Kila molekili ikifika inashikwa na baridi mbele haijatafuta fasi yake mu mustari. Bakapitisha reyoni X, bakaona hakuna mustari. Mi wa muyi ya mukuba nikisoma ile nilifurahi kabisa, juu tumetuma mukuba mu dunia yote, hata kama sijui ile ya Toronto ilitoka wapi.

Ya pili ilitoka kwa Osamu Mishima, pamoja na Calvert na ule ule Whalley wa Ottawa, mu 1984. Wazo yao ni rahisi mpaka unajiuliza juu ya nini hakuna muntu alifikiri mbele. Ukisukuma barafu ya kawaida, inayeyuka ku joto ya chini kuliko ziro, juu presio inapenda maji yenye kujibana. Sukuma zaidi, inayeyuka chini zaidi. Fuata ule mustari mpaka kwa azoti ya maji, digri 196 chini ya ziro, unafika ku gigapaskali moja hivi. Pale barafu inapaswa kuyeyuka, lakini baridi ni kali sana hakuna maji inaweza kutembea, basi itayeyuka inakuwa nini? Bakasukuma. Pistoni ikaingia gafula. Bakatosha presio, ikabakia: kioo ya maji ya gramu 1.17 mu sentimita kubu. Nzito kuliko maji.

Mama mwenye kuuzisha sashe akaitika kule inje, basi ile njo ningeuzisha kwa kilo!

Mama, ungepata hasara, juu kamata ile nzito, uache ipate joto kidogo tu, digri karibu 155 chini ya ziro, inavimba mbele ya macho yako zaidi ya sehemu moja ya tano, inageuka kioo ingine nyepesi, ya gramu 0.94. Zote mbili ni amorfi, zote mbili ni maji, na kugeuka ya moja kuwa ingine iko ya gafula kama vile barafu inageuka maji. Banasayansi bamebishana juu ya hii zaidi ya miaka makumi tatu, juu kama kuna kioo mbili, labda kuna maji mbili, moja nzito na moja nyepesi, zimejificha ku baridi yenye maji haikubali kubakia bila kuganda. Mi niko ku upande wa bale benye kusema ziko mbili.

Mu ile nyepesi kila muntu iko na bajirani bane, sawa na barafu ya ndoo, ni mustari tu umepotea. Mu ile nzito mikono bado ni ine, lakini kuna muntu wa tano amejiingiza mu nafasi ya bule, hashikani na muntu, anabana tu. Na wimbo yake inasema vile vile: ile nzito inaimba juu kuliko nyepesi, na kilima ni pana, maana mikono imerefuka kidogo na kila moja iko na urefu yake.

Ya tatu njo ninaipenda sana, ya mwaka 2023. Kila muntu mwenye alitumika mu konsantrateri anajua ile pipa kubwa yenye inazunguka na mipira ya chuma ndani, unatia mawe, mipira inapiga-piga mpaka mawe inakuwa unga. Kule London, mu labo ya Christoph Salzmann, balichukua barafu ya kawaida, bakaitia mu kopo na mipira ya chuma, ku baridi ya azoti ya maji, bakatikisa. Munafikiri watapata nini, unga ya barafu, eh? Walipata amorfi, ya gramu karibu 1.06, katikati ya ile nyepesi na ile nzito, karibu sawa na maji yenyewe. Mipira ilikata mustari ya kristali, ikateleza huku ikateleza kule mpaka hakuna tena mustari. Mashini ya kusaga mawe! Papa yangu alitumika pembeni ya ile mashini miaka makumi mbili na sita, alirudiaka nyumbani masikio inalia, na hakuna siku moja tulifikiri kutia barafu mule.

Basi mukuba tuko nayo, mashini ya mipira tuko nayo. Nikasema kintu ya tatu ni almasi, na mu kona ya ba Kasai, kule almasi inachimbiwaka, kukakuwa kicheko.

Ndiyo, almasi. Mu 1958, Washington, balianza kubana bintu kati ya almasi mbili ndogo, ncha ku ncha. Almasi ni ngumu kupita yote, na tena ni ya mwangaza, unabana na unaangalia, lazeri inapita inarudi na wimbo. Hauna lazima ya mashini kubwa kama nyumba, kale kachombo kanaingia mu kiganja, unakaza na visi. (Almasi nayo inaimba, 1332, unapaswa kujua usiseme ni maji.) Mule njo bamesikia wimbo ya barafu ya VII inashuka, inashuka, kadiri oksijeni zinakaribiana, mpaka zaidi ya gigapaskali 60 hidrojeni inachoka kuchagua. Inasimama katikati kabisa, haiko tena ya huyu wala ya yule. Ile njo barafu ya X, na pale hauwezi kusema tena kuna molekili ya maji, kuna tu oksijeni na hidrojeni mu mustari moja.

Papa mumoja, anasema kwao ni Mbuji-Mayi na alichimbaka almasi mu ujana, akasimama. Akauliza: unasema almasi inabana maji, lakini almasi yenyewe inatoka chini ya udongo kwenye presio kubwa, maji haiwezi kubaniwa ndani yake tangu kule?

Nikanyamaza kidogo, juu ile ulizo inastahili. Papa, inaweza, na baliona. Mu 2018 Oliver Tschauner na benzake balitangaza bamepata barafu ya VII ndani ya almasi za Afrika ya Kusini, Botswana na Chine. Maji ilifungiwa kule chini sana, ingali ya moto, almasi ikapanda nayo mpaka juu, ikapoa, na juu almasi haikubali kupanuka, presio ikabakia ndani na maji ikaganda ku joto ya kawaida. Bakaiona na reyoni X, bila kuvunja jiwe.

Akauliza, na wangevunja?

Presio ingetoka pale pale, papa. Barafu ingegeuka maji, kidogo sana, hata kidole haingelowana. Akaangalia mikono yake muda murefu, akasema basi mi nimevunja mingi, akakaa.